Sura ya 4: Pete Ndani ya Kiporo

Yai likishachemka halirudi kuwa bichi. Ute uliokuwa maji maji hugeuka mweupe, ukashikana, na hata ukilitia yai hilo kwenye barafu wiki nzima hautarudi ulivyokuwa. Kila aliyewahi kusimama jikoni analijua hilo, na nadhani hapo ndipo imani yetu kwa moto ilipoota mizizi. Moto ukishapita, mambo yamekwisha: maji ni salama, maziwa ni salama, na kiporo cha jana ni chakula cha leo.

Kwetu wali wa usiku ulikuwa haumwagwi. Ukibaki, sufuria ilifunikwa, ikawekwa juu ya kabati mbali na paka, na asubuhi ukakaangwa kwa kitunguu na kuliwa na chai ya rangi. Siku moja nilisita. "Bibi, huu wali umelala," nikamwambia. Akanijibu bila kugeuka: "Umelala, haukufa. Upashe moto, mjukuu wangu. Moto hauachi kitu."

Alisema alichokijua, na kwa sehemu kubwa alikuwa sahihi. Lakini kipo kitu ambacho moto hukiacha, na kinapenda wali kuliko chakula kingine chochote tunachokipika. Siri yake imo kwenye umbo.

Kwanza tuone moto huishindaje sumu ya kawaida. Sumu nyingi za bakteria ni protini, kama ule ute wa yai. Protini ni mnyororo wa asidi amino, mithili ya uzi wa shanga, ila uzi huu haukai umenyooka. Hujikunja na kujisokota mpaka upate umbo lake maalumu, na kazi yote ya protini imo kwenye umbo hilo. Kinachoshikilia mikunjo ni vivutano vidogo vidogo, mamia kwa mamia, kila kimoja kikiwa dhaifu peke yake. Joto likizidi, shanga hutikisika, vivutano vikaachia kimoja baada ya kingine, umbo likafumuka. Uzi wenyewe haukukatika. Shanga zote zipo, na zimefuatana vile vile. Kilichopotea ni mkunjo tu, na bila mkunjo sumu si sumu tena.

Sumu ya botulini ndiyo mfano unaonishangaza kila ninapoufikiria. Hutengenezwa na Clostridium botulinum, bakteria anayependa mahali pasipo na hewa, kama ndani ya chupa na makopo ya chakula yaliyofungwa bila kuchemshwa vya kutosha. Haijulikani sumu ya kiumbe hai iliyo kali kuliko hii. Ni protini kubwa ya asidi amino zinazokaribia 1,300, yenye vipande viwili vilivyoungwa kwa daraja la salfa. Kipande kikubwa hung'ang'ania neva na kufungua njia. Kipande kidogo huingia ndani, kikiwa kimebeba atomu moja ya zinki, kikaanza kukata protini ambazo neva huzitumia kupeleka ujumbe kwenye msuli. Msuli hulegea, na ukilegea msuli wa kupumulia mtu hufa. Hata hivyo, sumu hiyo ikichemshwa dakika chache tu inakwisha nguvu, kwa sababu ile ile ya yai. Bingwa wa sumu zote anaangushwa na sufuria ya maji yanayochemka.

Sumu ya kiporo cha wali ni kinyume chake kwa kila hali.

Anayeitengeneza ni Bacillus cereus, bakteria wa udongoni aliyeelezwa mara ya kwanza mwaka 1887 na Grace na Percy Frankland, mke na mume wa Uingereza waliomnasa kwenye hewa ya zizi la ng'ombe. Ni ndugu wa karibu wa bakteria wa kimeta, ugonjwa ambao wafugaji wetu wanaujua vizuri. Yumo kwenye majaruba ya mpunga, na hutoka huko akiwa amejificha ndani ya spora. Spora ni bakteria aliyejifungia: kiini kimekaushwa maji, kikajazwa kalisiamu iliyofungamana na asidi maalumu, kikazungushiwa koti juu ya koti. Humo anaweza kukaa kwenye gunia la mchele hadi utakapofika jikoni kwako, na kuosha mchele mara tatu hakumtoi.

Maji ya wali yanapochemka, bakteria wa kawaida hufa wote na baadhi ya spora husalia. Tena joto huziamsha. Spora zilizokuwa zimelala hupata ishara kwamba mambo yamebadilika, na wali unapopoa na kufikia joto linalozifaa, zinachipua. Zinakuta wanga tele, maji tele, na washindani wote wameshakufa. Sufuria limekuwa shamba lililokwisha kupaliliwa. Bakteria huyu humea kati ya nyuzi 10 na 50 hivi za Selsiasi, yaani karibu kila joto ambalo chumba cha pwani kinaweza kuwa nalo usiku. Tuchukue kwamba anajigawa mara mbili kila nusu saa. Kutoka saa nne za usiku hadi saa mbili asubuhi atakuwa amejigawa mara 20, na kila mmoja wa mwanzo atakuwa zaidi ya milioni moja.

London ilipata somo hili mwanzoni mwa miaka ya 1970, wali wa kukaanga wa mikahawa ya Kichina ulipokuwa ukiwatapisha wateja. Wapishi walichemsha mchele mwingi jioni na kuuacha mezani mpaka kesho yake, kwa kuwa wali uliotoka kwenye jokofu hushikana na kuwa mgumu kuukaanga ukachambuka. Ulipoagizwa, ulipitishwa kwenye kikaango chenye moto mkali pamoja na yai. Moto ulikuwapo, na mkali. Watu walitapika vile vile.

Iliwachukua wanasayansi zaidi ya miaka 20 kuijua sumu yenyewe. Mwaka 1994 Norio Agata na wenzake wa Japani waliitenga, wakachora muundo wake na kuipa jina la sereulidi. Walichokikuta hakikuwa protini. Kilikuwa pete.

Fikiria bangili ya shanga 12. Shanga zake ni za aina nne, zikifuatana kwa mpangilio mmoja, na mpangilio huo ukarudiwa mara tatu mpaka mwisho ukakutana na mwanzo. Shanga sita ni asidi amino, zile zile za ukoo wa protini. Sita nyingine ni ndugu zao, ambao mahali ambapo asidi amino ina naitrojeni wao wana oksijeni. Hukaa kwa zamu: asidi amino, ndugu yake, asidi amino, ndugu yake, mpaka pete ifungike. Ukizihesabu atomu zinazoshikana kuzunguka pete nzima utapata 36. Botulini ina uzito wa kama pete hizi 130 zikiwekwa pamoja.

Hapa ndipo neno la bibi yangu linapokwama. Moto wa jikoni hufumua mikunjo, haukati uzi. Protini hufa kwa moto kwa sababu uhai wake wote umo kwenye mkunjo. Sereulidi ni fupi mno, na imefungwa mwisho kwa mwanzo, haina mkunjo mkubwa wa kufumuliwa. Nguvu yake imo kwenye vifungo vyenyewe, vile ambavyo atomu zimegawana elektroni, na vifungo hivyo havijali maji yanayochemka. Maabara zimeipika kwa nyuzi 121, joto la sufuria ya presha, kwa saa moja na nusu, ikatoka ingali sumu. Bakteria aliyeitengeneza alikuwa ameshakufa zamani.

Tumbo nalo haliiwezi. Vimeng'enya vyetu vya kusaga protini ni mafundi wenye mazoea. Vingine huanzia kwenye ncha ya uzi na kuondoa shanga moja moja, lakini pete haina ncha. Vingine hukata katikati, ila vinatafuta kifungo cha aina moja baina ya asidi amino mbili za kawaida, na hapa kila baada ya hatua moja kifungo kimebadilika. Kisha lipo suala la kushoto na kulia. Asidi amino huja kwa maumbo mawili yanayotazamana kama kandambili ya kushoto na ya kulia, na miili yetu imejengwa kwa upande mmoja tu. Bakteria huyu amechanganya pande zote mbili kwenye pete moja. Kimeng'enya kikijaribu kuishika ni kama mguu wa kulia kwenye kandambili ya kushoto. Asidi ya tumboni nayo hupita bila kuigusa.

Sasa tuitazame pete kwa karibu zaidi, kwa sababu madhara yake yote yako kwenye tundu la katikati.

Upande wa nje wa pete ni wa mafuta mafuta, hauyapendi maji. Upande wa ndani umepangwa oksijeni zilizoelekea katikati. Potasiamu, madini yaliyojaa ndani ya kila seli yetu, husafiri ikiwa imevikwa maji pande zote, na kwa hali hiyo haiwezi kupenya utando wa seli ambao ni wa mafuta. Ikiikuta pete ya sereulidi, inavua joho lake la maji na kuingia tunduni, na oksijeni sita za pete zinaishika pale pale ambapo maji yalikuwa yakiishika. Haipotezi kitu kwa kuhama. Sodiamu, nduguye mdogo, hushindwa. Umbo lake ni dogo kuliko tundu, oksijeni zote haziwezi kuigusa kwa pamoja, na inakuwa kama kidole chembamba ndani ya pete iliyolegea. Inaona heri ibaki na maji yake. Tofauti ya unene kati ya ioni hizi mbili ni sehemu ndogo sana ya milioni ya milimita, na pete inaitambua bila kukosea.

Pete ikishabeba potasiamu inakuwa mtumbwi wa kuvushia. Nje yake ya mafuta inaiwezesha kuzama ndani ya utando, kuvuka hadi upande wa pili, kushusha abiria na kurudi tupu kumchukua mwingine. Mahali panapoumia zaidi ni mitokondria, vinu vidogo vinavyoipa seli nishati. Mitokondria huishi kwa tofauti ya umeme: ndani ni hasi, nje ni chanya, na tofauti hiyo ndiyo inayozungusha mtambo wa nishati kama maji ya bwawa yanavyozungusha tabo. Potasiamu ni chanya, kwa hiyo mlango ukipatikana inavutwa ndani kwa wingi. Umeme unashuka na maji yanaifuata potasiamu. Mitokondria inavimba, na kinu kinasimama.

Huko Finland watafiti walitumia jambo hili kujenga kipimo ambacho hakihitaji mashine kubwa. Walichukua mbegu za kiume za nguruwe, ambazo huogelea kwa nguvu ya mitokondria zao, wakazitia dondoo la chakula kinachoshukiwa, wakatazama kwa darubini. Kama sereulidi ipo, mbegu huacha kuogelea. Hazipasuki wala hazikatiki mkia. Zinasimama tu.

Kutapika kuna njia yake tofauti. Panya wa maabara hawezi kutapika kabisa, ndiyo maana Wajapani walitumia mnyama wa jamii ya kirukanjia, yule mwenye pua ndefu na harufu kali anayepita kandokando ya kuta usiku. Walipomlisha sereulidi alitapika. Walipokata neva ya vagasi, inayounganisha tumbo na ubongo, hakutapika tena, na dawa ya kuziba vipokezi vya serotonini nayo ilimzuia. Kwa hiyo sumu hubonyeza kengele iliyopo tumboni, na ubongo huitikia. Kwa binadamu kengele hulia kati ya nusu saa na saa sita baada ya kula. Kwa makadirio yaliyopo, nusu miligramu hivi inamtosha mtu mzima, nayo haifiki hata sehemu moja ya 40 ya uzito wa punje ya mchele.

Wengi hutapika, hulala, na kesho yake huamka wazima. Ndiyo maana mara nyingi ugonjwa huu hauandikwi popote. Lakini si wote. Mwaka 1997 madaktari wa Uswisi waliripoti habari za kijana wa miaka 17 aliyekula tambi kwa mchuzi uliokuwa umetengenezwa siku 4 kabla, zikapashwa moto kwenye kikaango. Baba yake alikula pia, akapona. Kijana alikufa kwa kuwa ini lake lilisimama kufanya kazi, na sumu ilikutwa ndani ya ini lenyewe. Mwaka 2003 nchini Ubelgiji watoto watano wa familia moja walikula saladi ya tambi iliyopikwa Ijumaa, ikaenda nao matembezini Jumamosi, na mabaki yakaliwa Jumatatu jioni. Yalikuwa yamewekwa kwenye jokofu, lakini wachunguzi walipolipima walikuta nyuzi 14. Mdogo kuliko wote, mwenye miaka 7, alifariki. Siwezi kuisoma habari ya nyuzi hizo 14 bila kufikiria majokofu yetu umeme unapokatika alasiri na kurudi saa tano za usiku, na mama anayeona taa imewaka tena akatulia.

Sereulidi haiko peke yake katika kuupuuza moto. Staphylococcus aureus, bakteria anayeishi puani na kwenye ngozi ya watu wengi wasio na ugonjwa wowote, hutengeneza sumu ya kutapisha ambayo ni protini halisi, ya asidi amino 230 hivi. Mwaka 1914 M. A. Barber alionyesha madhara yake huko Ufilipino kwa kunywa mwenyewe maziwa ya ng'ombe mmoja mwenye afya, na mwaka 1930 Gail Dack na wenzake wa Chicago walithibitisha kwamba aliyeugua baada ya kula keki ya krimu anaugua kwa sumu iliyokwisha kuwekwa kwenye chakula, hata bakteria wakiondolewa. Kwa kuwa ni protini, ungetarajia moto uimalize. Lakini imekunjwa kwa kubana sana, na sehemu zake mbili zimeshonana barabara. Ikichemshwa hufumuka kiasi tu, na chakula kikipoa nyingine hujikunja upya na kurudi kazini. Kiasi kisichofika mikrogramu moja kinatosha. Mkono uliopangusa pua, kisha ukachambua nyama ya sambusa na kuiacha mezani tangu asubuhi hadi alasiri, ndiyo historia nzima ya ugonjwa huo. Mafuta ya kukaangia humuua bakteria. Alichokiacha kinabaki ndani ya sambusa.

Kiswahili kina maneno mengi ya chakula kilichoharibika. Wali unachacha, mchuzi unavunda, maharage yanatoa povu, ugali unaota ukungu, na mlaji anashtushwa na harufu, utelezi au ukali kwenye ulimi. Maneno yote haya ni ya pua, ulimi na vidole. Ni maneno mazuri, na yamewaokoa watu wengi, kwa sababu bakteria wanaochachusha hutoa asidi na gesi tunazozihisi. Sereulidi haina harufu wala ladha. Wali wenye nusu miligramu ya pete hizo huwa mweupe, unachambuka, unavutia kama ulivyopakuliwa jana. Hatuna neno la wali wa namna hiyo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuuonja akajua.

Kwa hiyo mambo yote yanaamuliwa kabla sumu haijatengenezwa, katika saa za kupoa. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la chumba zaidi ya saa 2: kinachosubiri walaji kiwe juu ya nyuzi 60, cha kuhifadhi kiteremshwe chini ya nyuzi 5. Kwa sahani moja ni rahisi. Kwa sufuria la shughuli ni hesabu nyingine kabisa. Joto la katikati halina njia ya kutoka isipokuwa kupita punje kwa punje mpaka ukingoni, na wali hulipitisha polepole. Ukipunguza kina chake kwa nusu, muda wa kupoa hushuka hadi robo hivi. Sinia pana lenye wali wa vidole viwili hupoa kabla ya watu kumaliza kuosha vyombo. Sufuria lile lile likiachwa limejaa, na mfuniko juu, hulea kilichomo usiku kucha.

Niliwahi kubaki kwenye nyumba ya harusi baada ya wageni kuondoka, na alfajiri nikaamshwa kusaidia kugawa pilau iliyosalia kwa majirani. Sufuria lilikuwa uani, ukubwa wake mtoto angeweza kuingia. Nje lilikuwa baridi kwa umande. Nilizamisha upawa mpaka katikati, na mvuke mwembamba ukanipanda usoni. Nikatia vidole: vuguvugu la maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Nilichota kidogo, nikakileta puani. Kilinukia iliki.